Meno ya Githinji

Jumatatu ya kwanza ya Februari, Shiko aliomba ruhusa kwenye duka la agroveti anakouza mbegu na dawa za mifugo huko Kimumu, akaenda mjini kwa Amondi, daktari wa meno. Amondi alimkabidhi seti ishirini na nne za vifuniko vya plastiki angavu, alivyoviita alaina. Avivae mchana na usiku. Avitoe tu akila, akinywa chai na akipiga mswaki. Kila wiki mbili abadilishe seti, na kila seti ingesukuma meno kidogo.

"Itauma?"

"Siku mbili hivi. Halafu utazoea."

Shiko alikuwa na miaka ishirini na tisa, na mbele za watu alikuwa hajawahi kucheka bila kuziba mdomo kwa mkono. Meno yake mawili ya mbele yalipishana kama miguu ya mtu aliyekunja nne, na jino la chonge la kushoto lilikuwa limeota juu kabisa kwenye ufizi. Yalikuwa meno ya baba yake, Githinji. Kila aliyeyaona alisema hivyo.

Githinji alikufa Januari 2008, kando ya barabara ya Kiplombe, ameketi juu ya godoro akisubiri pikapu. Tangu mwaka huo alikuwa akija nyumbani kila Jumapili saa kumi, mkewe Muthoni akishatoka kanisani. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akavua gambuti, akaketi. Hakunywa chai lakini alipenda iwekwe mbele yake.

"Hebu cheka," alimwambia Shiko.

Shiko alicheka.

"Sawa. Ni wewe." Ndipo alipouliza habari za shamba. "Nani amelima?"

"Muigai."

"Bado ni yeye?"

"Bado ni yeye, Baba."

Muigai alikuwa rafiki ya Githinji na shemasi wa kanisa. Watu walipokuwa wakikimbia vurugu za uchaguzi, alichukua hati ya shamba ili aitunze, akaahidi kurudi na pikapu. Hakurudi. Baada ya miaka miwili hati ilikuwa na jina lake, na kila Muthoni alipokwenda ofisi ya ardhi kuuliza aliambiwa faili haionekani. Muigai alipomwona Shiko mjini, alivuka barabara. Alikuwa amewaambia watu kwamba hawezi kuutazama ule mdomo.

Shiko alipofika seti ya tano, Githinji alimwambia amekonda. Katika seti ya kumi na moja alimwomba acheke mara tatu. Katika seti ya kumi na sita alimgeukia mkewe, akauliza kwa heshima, "Mama Shiko, huyu mgeni ni mtoto wa dada yako?"

Alipoondoka, Muthoni alimwaga ile chai.

"Wacha hizo vitu, Shiko. Atakupoteza kabisa."

"Zimebaki seti nane tu."

"Na yeye?"

"Mama, mimi nimeziba mdomo tangu nasari. Aliyekufa ni yeye. Si mimi."

Muthoni alikisuuza kikombe, akakirudisha kabatini.

Hata hivyo Shiko aliacha kuvaa vifuniko kwa siku tisa. Meno yalianza kulegea na kurudi nyuma, seti ikakataa kuingia, na Amondi akamwambia arudie ile ya kabla yake. Jumapili Githinji alimsalimia kama mgeni vilevile. Shiko akaenda chumbani akaleta seti ya kwanza, ambayo bado ilikuwa na umbo la meno ya zamani. Githinji aliinua kifuniko kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Alikitazama kwa muda mrefu, machozi yakamlengalenga.

"Huyu ndiye," alisema. "Mlikuwa mmemweka wapi?"

Alikitia kwenye mfuko wa koti, akaondoka nacho. Tangu siku hiyo alikuja nacho kila Jumapili, akakiweka mezani karibu na kikombe na kukiambia kicheke. Kisha alikiuliza nani amelima. Shiko alijaribu kujibu, lakini Githinji alimwambia kwa upole kwamba hayo ni mambo ya nyumbani, mgeni asijisumbue. Muthoni alizoea kuandaa viti vitatu na kuacha nafasi mezani kwa ajili ya kifuniko.

Seti ya mwisho iliisha Januari. Amondi alimpa kioo, na Shiko akajitazama mpaka mgonjwa aliyefuata akaitwa.

Mwishoni mwa Machi, mashamba yakitayarishwa, Muigai aliingia dukani Kimumu. Alikuwa amezeeka. Alimwendea Shiko moja kwa moja, akaegemea kaunta na kuomba mifuko sita ya mbegu ya mahindi.

"Una meno mazuri, msichana wangu. Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni wa Githinji. Githinji wa Kiplombe."

Muigai alimchunguza bila haraka, akatikisa kichwa.

"Hapana. Binti ya huyo namjua. Si wewe."

"Ni mimi, Mzee. Shamba unalolima ni letu."

"Msichana wa watu, umenifananisha," alisema Muigai, bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mpita njia. Uso wake ulikuwa umetulia. "Wale walihama zamani. Hata sijui walielekea wapi. Hii mbegu inapandwaje?"

Watu wengine walikuwa wakisubiri nyuma yake. Shiko aliweka mifuko sita juu ya kaunta. Akamweleza angoje mvua ishike vizuri, kisha atie mbegu mbili kila shimo, na Muigai akamshukuru.