Skrini Haikuwa na Mtu

Jumanne ambayo mume wangu Elijah hakurudi, ng'ombe alilia njaa zizini hata majirani wakaja kuuliza. Elijah alikuwa ameteremka kutoka Chawia kukata nyasi kando ya barabara ya Mwatate. Aligongwa jioni, mwanga ungalipo, mzigo ukiwa mgongoni. Nyasi zilitapakaa lami yote, na magari mengine yakazipita juu yeye akiwa bado amelala pale.

Aliyemgonga ni Danson, mwenye duka la simu mjini Voi. Aliwaambia polisi kwamba Elijah alijitupa barabarani, kwa sababu gari lake haliwezi kukosa kumwona mtu. Basi kosa likawa la marehemu.

Matanga yakiendelea, Danson akaja na gari lenyewe hadi uani, jeupe, limeoshwa. Nilidhani amekuja kuomba msamaha. Mtu kama huyo hutarajiwa aketi chini, anyamaze mpaka asemeshwe. Yeye alisimama mlangoni mwa gari kama dalali.

"Kamera iko hapa juu ya kioo," akasema. "Rada iko hapa mbele. Mtu akipita, skrini inamchora. Akikaribia sana, gari linapiga kelele na kufunga breki lenyewe. Pasta, hebu pita."

Pasta akapita. Kwenye skrini kikatokea kimtu cha kijivu, hakina uso. Danson akakitazama kana kwamba amekizaa.

"Na kuku?" akauliza shangazi yangu, Teresia.

"Kuku hapana, mama."

"Mbuzi?"

"Mbuzi... wakati mwingine."

Shangazi akaenda zizini, akafunga mzigo wa nyasi, akaubeba kama Elijah alivyoubeba: mgongo umepinda, nyasi zimefunika kichwa na mabega hadi karibu na magoti. Akapita polepole mbele ya gari.

Skrini ikachora pipa. Pipa likapotea, likarudi, likawa koni ya barabarani. Gari halikutoa hata mlio.

"Yesu wangu, Teresia amekuwa pipa!" mtu akasema nyuma yangu. Watu wakacheka, matangani.

"Mfumo haukumtambua," Danson akasema.

"Mfumo ni nani?" shangazi akauliza kutoka ndani ya nyasi. "Ana leseni?"

"Mama, hii ni teknolojia, wakati mwingine..."

"Nakuuliza wewe, kijana. Wewe uliona nini?"

"Sikuona kitu. Nilikuwa naangalia skrini. Haikuwa na mtu."

"Sasa alijitupa vipi, mtu ambaye hukumwona?"

Gari lote lile la akili, na halikuwa na kitu cha kumzuia mwenyewe asijisaliti kwa maneno yake.

Danson aliondoka kinyumenyume, gari likimpigia kelele kwa kila mwombolezaji aliyesimama uani.

Pasta na shangazi wameandikisha taarifa kwa polisi. Kesi itatajwa Voi mwezi ujao, na mshtakiwa ni Danson.