Kitambaa cha Omolo

Kihara alichuchumaa mbele ya trekta, akachomeka njiti ya kiberiti katikati ya meno ya tairi la mbele, akaangalia imezama kiasi gani. Hata leo. Nyuma yake wanaume sita walikuwa wakipandisha jeneza la Omolo kwenye trela lililosuguliwa kwa sabuni ya unga tangu asubuhi, na bado lilinuka takataka kidogo.

"Kwa lami usiweke four," alisema bila kuinua kichwa. "Hizi tairi zinaisha hivi hivi tu."

"Najua, Baba Wangoi," Rosebella alijibu kutoka kiti cha dereva.

Trekta lilikuwa la Kihara, mwenye ploti tano hapa mtaani Kabiro, nalo lilibeba taka. Lilikuwa dogo, lakini lilipenya mahali ambapo lori lingekwama. Omolo aliliendesha miaka sita. Mwaka juzi alimfundisha Rosebella, wakawa wanapokezana kiti.

Leo gari la mochari lilifika stendi, dereva akakataa kushuka kwenye tope. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumapili, na nyumba ya Omolo ilikuwa chini kabisa, karibu na kijito. Adhis, mke wake, alikuwa amekataa katakata: mume wake hangesafirishwa kwenda kwao Siaya kabla hajapita mlangoni kwake. Kubeba jeneza kwa mabega kwenye tope lile kulikuwa kutafuta kuliangusha. Ikabidi trekta.

Adhis alipanda, akaketi juu ya bati la gurudumu kando ya Rosebella, pale pale mume wake alipozoea kuketi akifundisha. Waombolezaji wakafuata kwa miguu. Hakuna aliyeimba.

Rosebella aliendesha polepole juu ya kile kipande cha lami, magurudumu mawili ya nyuma yakisukuma peke yake. Mkono mfupi wa chuma ulikuwa kando ya goti lake la kushoto. Ndio huo waliouita four. Ukiuvuta, magurudumu ya mbele nayo yanashika kazi. Kwenye tope unauvuta. Ukipanda na mzigo, unauvuta. Kwenye lami kavu unautoa, maana mbele na nyuma hazipatani mwendo, zinakwaruzana, na tairi linalika.

Lakini jambo ambalo Omolo alilirudia mpaka akachosha ni kushuka.

"Breki za hii mashine ziko nyuma peke yake," alikuwa akisema. "Ukishuka na mzigo bila four, mbele hakuna kinachoshika. Mbuzi akishuka hapa anatumia miguu mingapi? Sasa wewe umekuwa mjanja kuliko mbuzi?"

Taa ya kuonyesha kama four imeingia ilikuwa imeungua zamani, na Kihara hakuona haja ya nyingine. Kwa hiyo Rosebella alikata kipande cha leso yake kuukuu, chekundu. Four ikiingia, kitambaa kinafungwa kwenye ule mkono. Ikitoka, kinafunguliwa. Anayepokea kiti anaangalia kitambaa, haulizi.

Walifika mwisho wa lami. Mbele yao mteremko ulishuka mwekundu, unang'aa kama umepakwa mafuta. Rosebella akasimamisha trekta.

Alhamisi ya wiki mbili zilizopita alikuwa amesimama hapa hapa. Alikuwa ametoka kwa lami, four ameitoa huko kama Kihara alivyotaka lakini kitambaa hajakifungua bado, na vidole vyake ndipo vilikuwa vinaelekea kwenye fundo simu ilipolia. Alikuwa mama wa deikea, alikomwacha mtoto wake. Celine anachemka, hanyonyi, njoo. Akaruka chini.

"Enda," Omolo alimwambia akipanda. "Mtoto kwanza. Mimi niko."

Alikuwa tayari anakimbia alipogeuka mara moja. Alimwona Omolo akikigusa kitambaa kwa kidole, kama anavyogusa kila siku, kisha akaelekeza trekta chini na trela limejaa taka zilizolowa.

Trekta lilipinduka na kumuua kabla hajafika chini; fundi alisema four ilikuwa nje. Kufikia jioni Kabiro nzima ilikuwa inasema mzee alijisahau. Wengine wakaongeza kwamba alikuwa amelewa, Omolo ambaye hata busaa ya harusi alikuwa anaikataa. Celine alipona siku ya tatu. Rosebella akanyamaza.

"Mbona tumesimama, Mama Celine?" Adhis aliuliza.

"Naweka four."

Mkono wake haukwenda. Adhis alifungua mkoba, akatoa kitu kilichokunjwa vizuri, kimefuliwa na kupigwa pasi.

"Nilipewa pamoja na kofia yake. Walisema kilikuwa kimefungwa hapo kwa chuma." Alikinyoosha juu ya goti. "Nimekaa nacho, sijui ni cha nini. Wewe mlifanya kazi pamoja. Ni cha nini?"

Injini ilinguruma chini yao. Nyuma, mtu alikohoa.

"Ni cha kusema four imeingia," Rosebella alisema. "Na haikuwa imeingia, Mama Ken. Mimi niliitoa. Kitambaa sikukifungua. Simu ya mtoto ililia nikakimbia. Yeye alikiona, akaamini. Hakujisahau. Ni mimi."

Adhis hakumtazama. Aliutazama mteremko hadi chini ambako paa la nyumba yake lilionekana.

"Huko nyumbani ndugu zake wameshapigiwa simu na watu," alisema. "Wameambiwa ni pombe."

"Waambie ni mimi. Ama nipe namba, niseme mwenyewe."

Rosebella akakanyaga klachi, akauvuta ule mkono, akausikia ukiingia kwa mshtuko mdogo. Ndipo Adhis alipoinama, akakizungusha kitambaa kwenye chuma, akakifunga. Fundo lake lilikuwa la mtu asiyezoea, kubwa, la kamba ya mzigo.

"Shuka naye polepole," alisema.

Walishuka. Magurudumu yote manne yalishika tope, trela likafuata limenyooka, na jeneza halikusogea hata kidogo. Wakaomba mlangoni. Wakapanda tena.

Juu, wanaume walihamisha jeneza kwenye gari la mochari. Rosebella akaitoa four, maana mbele kulikuwa na lami. Kitambaa kilikuwa kimelowa matope, na lile fundo kubwa lilikaza. Adhis alihangaika nalo kwa kucha. Dereva wa mochari alipiga honi, kisha akaacha. Rosebella hakumsaidia; alihisi si lake kulifungua.

Lilipolegea, Adhis alikikunja kitambaa na tope lake, akakitia mkobani karibu na simu. Alishuka bila kuaga, akapanda gari.

Gari liliingia barabarani, likapotea nyuma ya vibanda. Rosebella alibaki kitini. Aliugusa mkono wa chuma uliobaki mtupu, akausukuma kuhakikisha.

"Imetoka," alisema kwa sauti, ingawa bati la gurudumu kando yake halikuwa na mtu.