Mshika Kamba

Wanaosema Waarusha ni wabishi hawajawahi kuwafundisha. Mimi nimewafundisha, na ninasema kwa ushahidi: ni wabishi mara mbili ya hapo. Naitwa Pudensiana, mwalimu wa usalama katika kiwanda kimoja cha ngozi upande wa Themi, na mwaka huu nilikabidhiwa kikosi kinachosafisha mashimo ya majitaka. Pale kiwandani hakuna wanaofanya kazi karibu na kifo kuliko hao.

Ngozi mbichi hutolewa manyoya kwa dawa moja, kisha baadaye hutiwa tindikali. Maji ya dawa hizo yakikutana shimoni hutoa gesi inayonuka mayai viza. Ikiwa kidogo unaisikia. Ikiwa nyingi pua inakufa ganzi, husikii harufu yoyote, na pumzi chache tu zinatosha kukulaza. Kwa hiyo shimo lina sheria moja iliyo juu ya zote: mwenzako akianguka ndani, usimfuate. Unabaki juu, unashika kamba yake, unamwita mwenye mtungi wa hewa.

Siku ya kwanza, tukiwa kantini, niliwauliza, "Mwenzako kaanguka shimoni. Unafanya nini?"

"Naingia namtoa," alijibu Sankale, hata chai hajaimeza.

Wenzake, Lemomo, Simel na Yiamat, wakaitikia kwa vichwa. Wote hao ni wa rika moja. Walitahiriwa msimu mmoja huko kwao magharibi ya mlima Meru, na kwao mtu wa rika lako ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja.

"Madam," Sankale alinieleza kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto, "nikimwacha Lemomo afe huku nimesimama, nitapita wapi mimi? Hata ng'ombe watanicheka."

"Na ukiingia ukafa naye?"

"Nitakuwa nimekufa vizuri."

Hasira zangu ziko karibu, kwa hilo ninajulikana hadi getini. Niliwatoa nje, nikawapeleka kwenye shimo kavu la mazoezi. Nikamwambia Lemomo ashuke alale chini, nikapuliza filimbi. Sankale akaruka. "Umekufa, lala hapo hapo." Simel akamfuata. "Na wewe umekufa." Yiamat akachungulia, akanitazama, akaruka naye. Wakalala shimoni kama magunia ya chumvi, wanacheka.

"Haya, maiti wangu," nikawaambia. "Nani sasa anakwenda kumwambia mama yake Lemomo? Nani anachimba makaburi?"

Kicheko kilikatika. Lakini kesho yake, filimbi ilipolia, Sankale aliruka tena. Alijitetea kwamba mwili ulimtangulia.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa liko wapi. Sheria yangu ilikuwa ya kiwanda, na sheria ya kiwanda inaishia getini. Iliyokuwa ikifika mpaka nyumbani kwao ni ya rika. Rika lina msemaji wake, na anayelikosea hutozwa faini, tena ya mfugo. Msemaji wa rika lao ni Koikai, kijana mwenye duka la dawa za mifugo. Nilimfuata Jumapili, mimi Mkatoliki wa Kibosho, nikamngoja nje ya kanisa la Kilutheri mpaka ibada ilipokwisha.

"Mchaga," akaniambia, "umekuja kutuuzia nini?"

"Uhai. Na leo ni bure."

"Mchaga na bure? Basi jambo ni zito. Twende nyumbani tukakae."

Nilimweleza yote, naye akawaita wenzake wa rika, Sankale na kikosi changu wakiwemo. Walizungumza kwa lugha yao mpaka chai ikapoa na kupashwa upya. Mwishoni Koikai alinigeukia, akanitafsiria. Kuanzia siku hiyo, kushika kamba ya mwenzako ni kazi ya rika. Atakayeiachia akaruka ndani, amemtupa mwenzake, na faini yake ni dume la ng'ombe.

Sankale alikuwa wa mwisho kukubali. Tulipotoka alinisindikiza mpaka barabarani, kanuna.

"Rika limesema, nitatii," alisema. "Lakini mama yake Lemomo hakuwepo pale. Siku likitokea, ni mimi nitakayesimama mbele yake. Nitamwambia mwanao alikuwa chini na mimi nilikuwa juu?"

 Nina majibu ya gesi, ya tindikali, ya macho yaliyorukiwa na dawa. La mama wa mtu sikuwa nalo. Nilichoweza ni kuwarudisha mazoezini. Tulirudia mpaka mikono yao ikajua kazi kabla ya moyo kusema neno, na Sankale, kwa ubishi ule ule, akawa mshika kamba bora kuliko wote.

Likatokea mwezi uliofuata, asubuhi ya kawaida kabisa. Kipima gesi kilikuwa kimetulia, Lemomo akashuka amefungwa mkanda, Sankale akashika kamba inayopita kwenye kapi juu ya shimo. Lemomo akakoroga tope la chini ili lipite kwenye bomba. Gesi iliyokuwa imelala ndani ya tope ikaamka. Kipima gesi kikaanza kupiga kelele, na Lemomo akaanguka bila kusema kitu.

Nilifika mbio. Sankale alikuwa anavuta, kamba imekaza, lakini mtu hapandi. Buti la Lemomo lilikuwa limenasa chini ya bomba. Uso wake ulikuwa juu kidogo tu ya tope, unashikiliwa na ile kamba. Kamba ikilegea, uso unazama.

Nataka ijulikane nilichokiona, kwa sababu ninajivunia na sitaki mtu akipunguze. Sankale alikita miguu ukingoni, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote. Alikuwa analia kwa sauti, machozi na makamasi, anamwita Lemomo, anamwita, na hashuki. Yiamat alitokea bandani anakimbia, akaelekea moja kwa moja mdomoni mwa shimo. Sankale, mikono yote kwenye kamba, akamrushia teke la kifua.

"Rudi! Dume utalitoa wapi?"

Yiamat alikaa chini kwa matako. Kisha akili zikamrudia, akanyanyuka, akaja kushika kamba nyuma ya Sankale.

Simel alikuwa anavaa mtungi wa hewa, mimi namkagua. Barakoa ilikuwa imeacha upenyo shavuni.

"Madam, haraka!" Sankale alinipigia kelele.

"Bado!" nikamjibu, nikaufungua ukanda wa barakoa na kuufunga upya.  Kisha nikamwachia Simel ashuke.

Alilinasua lile buti. "Vuta!" Wakavuta. Lemomo alitoka na rangi ya majivu, tukamlaza kwenye hewa safi, nikamwekea oksijeni. Alipokohoa, Sankale alikuwa bado ameshika kamba. Ilibidi nimfungue vidole.

Hospitali walisema atapona. Mchana mama yake, Namnyaki, akaja na shuka lake begani na majirani nyuma yake. Akamshika mwanawe uso, akamsikiliza pumzi, akaridhika. Ndipo akageuka. Sankale alikuwa mlangoni, anatafuta pa kupotelea.

"Mwanangu alipoanguka, nani alikuwa naye?"

"Mimi, yeyo," Sankale alimjibu, kwa neno la kwao la kumwita mama.

"Uliingia?"

 Nilifungua kinywa nianze kueleza mambo ya gesi, lakini Sankale akaniinulia kiganja ninyamaze.

"Sikuingia. Nilikaa juu nikashika kamba."

 "Sogea," mama akasema. Sankale akainamisha kichwa. Mama akakiwekea mkono, akakitemea mate ya baraka. "Mama yako namjua. Leo tungekuwa tunalia wawili."

Nikadhani yameisha. Kumbe bado. Alimshika Sankale mkono, akaanza kumpitisha kitanda hadi kitanda, kwa wagonjwa asiowajua, kwa manesi, kwa watu waliokuja kuwaona watu wao.

"Mnamwona huyu? Mwanangu alikuwa anakufa, na huyu hakuingia!"

Watu walishangaa, maana kwa masikio yao alikuwa anamshtaki. Yeye akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kifua mbele: huyu, huyu hapa, hakuingia. Walipofika vitanda vya dirishani, Sankale alikuwa ameinua kichwa.