Kaka Yangu Ana Kichwa Maji

"Hivi huyu mtoto anavaa kofia ya nani?"

Ndivyo jirani alivyomuuliza Mama Kofia miaka sita iliyopita, akimtazama mjukuu aliyelala kifuani pake. Lilikuwa swali la utani, lakini lilimchoma. Kazi yake ni kufuma kofia za watoto wachanga, na ya mjukuu alikuwa ameifumua na kuifuma upya mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Kesho yake wakaenda hospitali. Wakaambiwa maji yamejaa kichwani, hayapati pa kutokea. Mtoto akawekewa mrija mwembamba chini ya ngozi, wa kuyateremsha tumboni. Leo yuko darasa la kwanza, mdomo kama cherehani.

Mwaka huu ikawa zamu ya kaka yake Mama Kofia, seremala ambaye watu wote humwita Fundi. Kwanza hatua zake zikawa fupi, nyayo kama zimegandishwa kwa gundi sakafuni. Kisha mkojo ukawa unamtangulia msalani. Kisha akaanza kusahau: mteja mmoja aliulizwa naye mara nne, asubuhi ile ile, kitanda anataka cha futi ngapi. Watu wakasema uzee haujifichi. Mwanawe, mwalimu wa hesabu, akakata shauri: mwisho wa mwezi karakana ifungwe, mzee ahamie chumba cha nyuma, na mlango utiwe komeo kwa nje asije akapotea.

"Komeo? Baba yako ni mbuzi?" Mama Kofia aliuliza.

"Shangazi, uzee hauna dawa."

"Hauna dawa, lakini una mwendo wake. Na mimi mwendo huu siutambui."

Akamwomba Mungu amfungue macho, kisha akachukua utepe wake wa kupimia, akamzungushia kaka yake kichwani. Wiki iliyofuata akapima tena. Hakikuongezeka hata nukta.

"Unanifumia kofia?" Fundi aliuliza.

"Nakupima maji."

"Basi nipime na kiuno, huko ndiko yanakovuja."

Wakacheka hadi machozi, ingawa ya Mama Kofia hayakuwa ya kicheko yote.

Utepe ulisema hapana, lakini moyo wake haukukubali. Mwezi ukiwa umebakiza siku mbili, alimkokota kaka yake hospitali, mwalimu akiwafuata nyuma, uso umemshuka.

"Daktari," alisema Mama Kofia, "kaka yangu ana kichwa maji."

"Shangazi!" mwalimu aliruka. "Unamtukana baba mbele za watu?"

"Mwache," Fundi alisema. "Ananiita hivyo tangu tukiwa watoto."

Daktari, mwanamke kijana ambaye huenda hata mwalimu aliwahi kumfundisha, hakucheka. "Kwa nini unasema hivyo, mama?"

Akamweleza habari za mjukuu, kisha miguu, mkojo na kusahau, mwezi kwa mwezi. "Ila nimempima, kichwa hakikui," alimalizia kwa haya.

"Hakiwezi kukua. Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana. Maji yakizidi, kinatanuka. Cha mtu mzima kimeshafunga. Vinavyopanuka ni vyumba vya maji ndani ya ubongo, na habari zake unazisikia miguuni." Akamgeukia mwalimu. "Wazee wengi wanaosahau hawana ugonjwa huu. Lakini huyu tumpige picha."

Picha ikaonyesha vyumba vimepanuka kweli. Bado daktari hakuridhika. Alitaka kuona kama kupunguza maji kutabadili kitu. Akamtembeza Fundi toka mlangoni hadi dirishani: hatua thelathini na mbili, na kugeuka tu kukala nyingine tisa. Kisha akamlaza ubavu, akavuta maji kwa sindano mgongoni, maana maji ya kichwani hushuka hadi kwenye uti wa mgongo. Yalikuwa maangavu kama ya mvua, hata nusu kikombe hayakufika.

Wakangoja. Mama Kofia alikaa benchini, midomo ikicheza kwa sala.

"Shangazi, usijipe matumaini."

"Sijipi mwenyewe, mwanangu. Napewa."

Alasiri daktari akarudi. "Mzee, simama."

Fundi akasimama bila kushika kitanda. Unyayo wa kulia ukanyanyuka. Ukanyanyuka! Wa kushoto ukafuata. Mwalimu akaanza kuhesabu kwa sauti kama yuko darasani. Kufika kumi na nne akakoma, maana baba yake alikuwa tayari yuko dirishani. Akageuka kwa hatua tatu. Mama Kofia akapiga vigelegele hadi wauguzi wakachungulia.

"Maji yatarudi," daktari alisema, akijaribu kuficha tabasamu. "Lakini sasa tunajua. Njooni wiki ijayo tupange upasuaji, naye awekewe mrija. Leo nendeni nyumbani."

Mwalimu akasogea, mkono ameunyoosha, macho yamelowa. "Baba, ngoja nikushike. Utaanguka."

Fundi aliutazama ule mkono, akautazama na uso wa mwanawe. "Karakanani kuna meza ya watu haina mguu wa nne," alisema.

Akampita, akasukuma mlango, akatoka.