Mwenyekiti na Waya wa Kileleni

Kilima chetu cha Podgrič kina mtambo mmoja wa kuvuta watelezaji wa theluji hadi kileleni, na wenyeviti wasiohesabika, ingawa anayetambuliwa rasmi na klabu ya watelezaji ni Mzee Bogomir. Kileleni, kabla ya gurudumu kubwa linalozungusha kamba ya mtambo, pamepitishwa waya mwembamba. Anayesahau kuachia mpini unaomvuta huugusa waya huo kwa tumbo, mtambo ukazima, naye akabaki na meno yake.

Mzee Bogomir aliuchukia waya ule. Mkewe, Mama Hedvika, hamalizi umbea kabla ya kilele, hivyo kila alipopanda mtambo ulizima na foleni ikaguna. Basi mzee, kwa hekima ya uongozi, akaufunga waya pembeni kwa kamba ya kufungia soseji.

"Mwenyekiti, hii si hatari?" nikamuuliza, mimi mwanafunzi wa likizo ninayezoa theluji kilimani.

"Hatari ni foleni! Huko bwenini wanawafundisha kuuliza tu?"

Jumamosi alikuja mkaguzi wa mitambo, Bi Milojka. Kama angekataa kutia sahihi kibali, kilima kingefungwa hadi baridi ya mwakani, na Mzee Bogomir angekosa pa kuvalia koti lake jekundu la uenyekiti. Asubuhi hiyo nilipanda kileleni na sepeto langu, na kwa heshima zote nikaifungua ile kamba. Nilitaka tu Mama Hedvika azime mtambo mbele ya mgeni. Likizo zetu hazina starehe nyingi.

Lakini aliyepanda na mgeni ni mzee mwenyewe, bega kwa bega kwenye mpini mmoja.

"Usalama, mama, mimi nalala nao na kuamka nao. Hapa hata sungura hateguki mguu..."

Bi Milojka akaachia. Mzee hakuachia, alikuwa bado kwenye sungura.

"Achia, mzee! Achia!" nikapiga kelele.

"Ngoja nimalize, we mtoto!"

Tumbo likagusa waya. Mtambo ukazima kwa mshindo, pua ya mwenyekiti ikiwa karibu kulinusa gurudumu.

Akautazama waya. Akanitazama mimi. Kisha akainua kidole.

"Mmeona? Hilo lilikuwa onyesho! Wengine wanahubiri, sisi tunajitolea mwili."

"Onyesho zuri," alisema Bi Milojka, akitia sahihi. "Ila suruali imepasuka, baba."

Jioni klabu ikamvisha medali ya usalama. Mama Hedvika peke yake hakupiga makofi. "Ningekuzika vipandevipande, zuzu wee," alimwambia, akamkatia soseji.

Kesho yake nilipanda kileleni mapema. Waya ulikuwa umefungwa tena pembeni, safari hii kwa utepe wa medali.

Nikatoa mkasi.