Shingo ya Kwenye Kioo

Mzee Hinnerk Osterloh alimleta Wendelin mwenyewe, kwa mguu, wakati theluji ya mwisho ilikuwa bado imejificha kwenye mitaro ya malisho. Angeweza kuazima trela kwa jirani yeyote, lakini alishikilia kwamba farasi wa miaka mitatu anayetoka kwao kwa mara ya kwanza anapaswa kuijua njia ya kurudi. Alisimama njiani mara kadhaa kushika kifua, maana moyo wake ulikuwa umeshaanza kumsumbua, na alipoingia kwenye ua wa Gesche Lührs midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Moin, binti," alisalimia. "Huyu hapa. Wa mwisho."

Gesche alipokea kamba bila maneno mengi. Mzee alikuwa amezalisha farasi tangu Gesche hajazaliwa, na sasa mabanda yake yote yalikuwa matupu. Mama yake Wendelin alikufa mara tu baada ya kumzaa, na mzee ndiye aliyemlea kwa chupa, akilala kando yake kwenye majani makavu kama mlezi wa zamu.

"Tomke naye alikuja kumtaka," mzee aliendelea. "Kaja na keki, kaja na maneno matamu. Nimemwambia hapana. Huyu ni wa Gesche."

"Keki ulikula lakini."

"Nilikula. Mimi ni mgonjwa, si mjinga." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Kila asubuhi nilikuwa namwona malishoni akienda telki, mbio zile ndogo, mgongo unapanda na kushuka kama tumbo la mtu anayecheka. Nataka kumwona hivyo hivyo na mtu juu yake. Mara moja tu. Nionyeshe hilo, majani yakipukutika, na farasi abaki kwako moja kwa moja. Sitaki kitu kingine."

Hapo Gesche alikuwa hajawahi kuahidi jambo jepesi kuliko hilo. Nchi nzima ile ya mabonde ilimjua kwa subira. Watu walimletea farasi walioharibiwa na mikono ya wengine, waliokuwa wanauma, wanaotupa watu, wanaotetemeka wakiona tandiko, naye aliwarudisha kwenye hesabu ya farasi. Walisema ana mikono laini kama siagi. Alisifiwa mno, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mwanzoni lakini hakutia maji hata tone. Alianza na kamba ndefu, farasi akizunguka na yeye amesimama katikati, akimfundisha maneno machache: tembea, telki, simama. Likaja tandiko tupu. Ikaja siku ya kulala kifudifudi juu ya mgongo kama gunia la viazi, anashuka, anampa karoti, anapanda tena. Wendelin aligeuza kichwa kumtazama, akashangaa, akaamua ni upuuzi wa kawaida wa binadamu. Gesche alipokaa juu yake wima hakuomba chochote ila mwendo wa mbele. Mdomo aliuachia. Farasi mchanga aliyebebeshwa mtu hana budi kwanza kutafuta upya namna ya kusimama kwa miguu yake mwenyewe, na ukimwingilia kichwa kabla hajaipata, umemwibia.

Mwezi wa tano aliipata. Alikuwa akienda telki, akapiga chafya, kama afanyavyo farasi mwili ukilegea, akapiga tena, mgongo ukaanza kucheza chini ya tandiko. Gesche akaachia hatamu kidogo kidogo kupitia vidole, na Wendelin akaifuata lijamu, kile chuma cha mdomoni, polepole kuelekea chini, shingo ndefu, pua karibu na mchanga, bila kuongeza mwendo wala kupunguza. Kwa watu wa huko huo ndio mtihani wa kazi yote ya msingi. Farasi anayeuamini mkono huufuata hata unapomwacha. Gesche alishuka akampigia mzee simu palepale.

"Anashuka, Mzee! Anashuka kama ng'ombe anayekwenda kunywa!"

"Usimchoshe," mzee alijibu, lakini sauti ilikuwa imejaa furaha.

Kisha yakaja mashindano madogo ya farasi wachanga, mwanzo wa kiangazi. Wendelin alizunguka uwanja kichwa chini, ametulia, masikio yamelegea. Nyuma yake alikuja Tomke na farasi jike wa umri uleule, shingo imesimama juu, miguu inapiga ardhi kwa madaha, na watazamaji wakasogea uzioni. Waamuzi walimpa Tomke utepe wa ushindi. Wendelin walimwelezea kwa maneno mawili: bado mtoto.

Tomke huyu alikuwa mwanafunzi wa Gesche. Miaka minane nyuma Gesche alimkuta amemfunga farasi jike hatamu za kuvuta, zile kamba zinazopita ndani ya pete za lijamu hadi kwenye mkanda wa tumbo, mpandaji akivuta kichwa kinashuka, kitake kisitake. Gesche alimshusha palepale, mbele ya watu wote, akamwambia afungashe. Sasa Tomke alikuwa amesimama kwenye kibanda cha soseji na utepe wake mfukoni, na haradali kwenye kidevu.

"Bosi!" aliita. "Yule wako kadondosha nini? Mbona kanusa chini uwanja mzima?"

"Anatafuta adabu yako," Gesche alimjibu.

Watu walicheka, na walimcheka Tomke kidogo, Gesche zaidi. Ulikuwa utani tu, wa kibandani. Lakini mwanamke wa miaka hamsini na miwili aliyezoea kusifiwa hana ngozi ya kustahimili utani, na ule ulimwingia hadi mfupani.

Kesho yake mzee alipiga simu. Daktari alikuwa amemruhusu kutoka nyumbani, na jirani angemleta kwa gari Alhamisi. "Nije nimwone anavyoshuka."

"Usije sasa," Gesche alisema. "Ngoja awe mzuri zaidi. Njoo majani yakipukutika, kama tulivyopatana."

"Haya, binti. Wewe ndiye unayejua."

Kwenye ukumbi wake wa kupandia kulikuwa na kioo kirefu ukutani, kilichowekwa na wateja waliokodi mabanda, na Gesche alikuwa akikipuuza. Alizoea kusema kwamba mpandaji anaona kwa makalio. Wiki ile alianza kukitazama. Aliona farasi wa kahawia mwenye shingo ya kawaida, akiwa juu yake mwanamke wa kawaida. Akakaza mkono kidogo. Kwenye kioo shingo ilipanda. Akakaza tena.

Huko mchana, baada ya chakula, mabanda hufungwa ili farasi wapumzike, na hakuna mtu mwenye heshima zake anayekanyaga ua saa hizo. Gesche mwenyewe ndiye aliyeibandika sheria hiyo mlangoni. Saa hizo hizo ndizo alizozichagua. Alizitoa hatamu za kuvuta kwenye sanduku la makorokoro, akazipangusa vumbi, akajiambia ni kwa siku chache, ili farasi apate tu wazo. Tomke lazima bado anazitumia, alijiambia. Shingo ile haiji bure. Wote wanafanya, ila mimi mjinga. Nyani haoni kundule.

Zilifanya kazi upesi, na hilo ndilo baya lake. Wiki chache baadaye Wendelin alikuwa picha. Shingo ilikunjika kama ya farasi wa sanamu, miguu ikapiga juu, na Gesche alipopita mbele ya kioo alijisikia msichana. Farasi hakupiga chafya tena. Gesche akalaumu hali ya hewa. Farasi alianza kusaga meno. Gesche akasema ni ukuaji. Mgongo ulikuwa mgumu chini yake kama ubao wa kufulia, na yeye, ambaye angelitambua jambo hilo kwa farasi wa mtu mwingine kabla hata ya kupanda, akatazama kioo.

Majani yakapukutika. Mzee Hinnerk alikuja kwenye mashindano ya vuli amevaa koti lake la kanisani, akatembea kutoka kwenye gari hadi uzioni kwa kupumzika kila baada ya hatua chache. Mvua ilikuwa inanyemelea, hivyo waamuzi walikatisha jaribio la mwisho, lile la kuachia hatamu, wakatoa matokeo. Wendelin wa kwanza. Tomke wa pili. Watu walipiga makofi, na mmoja wa waamuzi alisema kwa kipaza sauti kwamba farasi huyu amekomaa ajabu.

Gesche alimpeleka uzioni, utepe ukipepea kwenye hatamu.

"Basi," mzee alisema. Macho yalikuwa yanang'aa kama ya mtoto anayesubiri keki. "Waamuzi wameogopa mvua, sisi hatuogopi. Mwache ashuke."

Gesche alijua kabla ya kuanza. Alimwendesha telki mduara mmoja, akafungua vidole, na hatamu zikateleza, zikalegea, zikaning'inia. Wendelin hakuzifuata. Alibaki amekunja shingo vilevile, kidevu karibu na kifua, jicho limetulia kwa namna ya mtu aliyezoea kupigwa. Gesche alisukuma hatamu mbele, akampapasa shingo, akamsemesha. Farasi akaikunja zaidi.

Tomke alikuwa akipita na jike lake, hatamu zimelegea, na jike likitembea pua chini, likifuata majani yaliyopeperushwa mchangani. Gesche aliona, na mashavu yake yakawaka moto. Shingo ile ya kiangazi ilikuwa ya kuzaliwa nayo. Haikuvutwa na mtu.

Mzee Hinnerk alipita chini ya uzio kwa taabu, akasimama mbele ya Wendelin, akamwekea kiganja kwenye paji.

"Nani anamshika?" aliuliza.

"Hakuna anayemshika, Mzee."

"Mbona anashikwa?"

Gesche alishuka. Alitaka kusema habari ya kibanda cha soseji, ya kioo, ya utani, akayaacha yote. "Nilimvuta," alisema. "Nilikuwa nafanya mchana, watu wakipumzika. Kiangazi kizima. Aliwahi kujua kushuka, Mzee, ulipotaka kuja ile Alhamisi alikuwa anajua. Mimi ndiye niliyekuzuia."

Mzee hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu. Aliendelea kumpapasa farasi nyuma ya masikio, mahali pale alipokuwa akimkuna enzi za chupa, na farasi alisimama kwa utiifu tu.

Tomke alikuwa amesimamisha jike lake hatua chache kutoka hapo. Hakuwa na utani siku hiyo.

"Mpe yeye," Gesche alisema bila kumtazama. "Mpe Tomke. Mimi mikono yangu ameshaijua."

"Yule jike wa zamani uliyenifukuzia," Tomke alisema taratibu, "nilimnunua baadaye, Bosi. Alirudi hali yake. Lakini siku za kwanza nilikuwa natembea naye tu, kama mtu na mbwa wake."

Mzee aligeuka. "Ilichukua muda gani?"

Tomke alimtazama usoni, akaitazama midomo yake, na ilionekana wazi kwamba alitamani kusema uongo. "Mwaka na nusu, Mzee. Huyu ni mpole, labda mwaka."

Mzee Hinnerk alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei na anajua alichonacho mfukoni. Mvua ilikuwa imeanza. Alifunga vifungo vya koti la kanisani kimoja kimoja, akampigapiga Wendelin shingoni, kisha akampigapiga Gesche mkono, vilevile, kwa upole uleule.

"Basi mtamwona nyinyi," alisema, akaanza kurudi kwenye gari.