Frigo Amekwenda Beni

Mume wangu Kasonia alikuwa na ampli ya gitaa, sanduku la kukuza sauti, ambayo majirani zetu wote wa Kimemi, hapa Butembo, waliiita Frigo, kwa sababu ilikuwa kubwa na nzito kama friji. Ilikuwa ya mbao tupu, na ilipovuma vikombe vilitembea mezani. Padri aliwahi kumwomba kwa upole apunguze sauti. Mimi sikuomba kwa upole.

"Baba Eliane, punguza! Tutakuwa viziwi humu ndani!"

Yeye anatabasamu tu, mgongo ameuegemeza kwa lile dubwana, macho ameyafumba, anaendelea kupiga.

Na si ampli peke yake. Miaka hii ya mwisho niliona amejifunza kiburi. Namwita kutoka jikoni mara tatu, haitiki. Mpaka nimfuate, nimsimamie mbele, ndipo anakumbuka kwamba ana mke. Wenzangu wa shirika, ile jumuiya yetu ndogo ya kanisa inayosali nyumba kwa nyumba kila Jumatano, waliniambia wanaume wakizeeka huwa hivyo. Nikawaamini, nikanuna miaka minne.

Kila Jumatano alimfunga Frigo kwa kamba juu ya chukudu na kuisukuma ile baiskeli ya mbao kwenye milima yetu hadi nyumba ya zamu. Jumatano moja kitu kikachanika tumboni mwake. Ilikuwa ngiri. Walimpasua, wakamshona, na daktari akatuita wote wawili.

"Papa, usibebe tena kitu ya buzito," alisema. "Kama hii kidonda inafunguka mara ingine, mi sitaweza kuishona."

Kasonia alipiga gitaa kabla hajanijua. Nilimpenda kwa ajili ya gitaa hilo, na sioni haya kusema. Kwa hiyo nilijua mambo mawili: akiendelea kumbeba Frigo nitamzika, na akiacha kupiga nitamzika vilevile, ila polepole. Ampli ilipaswa kubadilishwa.

Kule Beni kuna mama mmoja anayeitwa Hadjara, anayekodisha viti, mahema na muziki kwa ajili ya ndoa. Bwana yake, Bilali, anaendesha lori kati ya Beni na Butembo. Hadjara alikuwa na ampli ndogo ya betri ambayo watu wa harusi waliidharau, wakisema haina kelele. Mimi nilikuwa na kelele za kutosha. Tukapatana kwa simu, kitu kwa kitu, bila kuongeza chochote.

Nilipomweleza Kasonia alikuwa anachambua maharagwe. Alinitazama mdomoni, kisha akamtazama Frigo.

"Ufanye vile unaona, Mama Eliane."

Akaenda kuweka kiganja juu ya ule ubao, na hakukiondoa mpaka watu wa Bilali walipofika kubeba. Nilidhani ni maringo yanamtoka, nikapanda lori.

Uani kwake Beni, Hadjara alimzunguka Frigo kama mtu anayenunua mbuzi. Akainama.

"Mais mama, hapa ni nani alikuwaka anaegemea?"

Akanionyesha. Upande mmoja rangi ilikuwa imekwisha kabisa, na mti umelainika mpaka unang'aa, kama mpini wa jembe la siku nyingi.

"Ni bwana yangu," nikasema. "Ile ndiyo kiburi yake."

Hadjara akacheka, akanipa ile ndogo. Niliishika kwa mkono mmoja na mkono mwingine ukabaki na mkoba wangu. Nikajisikia mshindi.

"Batterie yake inafanya siku muzima," alisema. "Gitaa inaingia hapa. Micro inaingia hapa."

"Sisi hatuna kazi na micro."

"Chukua tu, dada. Haitakuomba chakula."

Akaisukumia ile micro, maikrofoni ya kuimbia, ndani ya mkoba wangu pamoja na waya wake.

Jumatano iliyofuata watu wa shirika walipiga makofi kumwona Kasonia akiingia na ampli mkononi kama mtu anayetoka sokoni. Akakaa kwenye kiti, mgongo wake hauna pa kuegemea. Akaanza. Wimbo wa kwanza aliwatangulia waimbaji. Wa pili, sisi tumemaliza, yeye bado anapiga, peke yake, kwa moyo wote, na watu wanaangalia sakafu. Katikati ya wa tatu alifungua macho, akaona midomo ya watu haichezi. Akalaza viganja juu ya nyuzi.

"Leo gitaa imechoka," akasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nyumbani alilitundika gitaa ukutani. "Kesho ulipeleke ku parokia," akaniambia. "Bataona mutu wa kupatia." Akaingia kulala na viatu.

Asubuhi nilikuwa na hasira, sijui hasira kwa nani. Alikuwa ameketi uani, amenipa mgongo, na maharagwe yake. Nikamwita. Nikamwita tena. Mara ya tatu nikachukua mfuniko wa sufuria kubwa na kuutupa kwenye saruji kwa nguvu zangu zote. Mbuzi akaruka hadi kamba ikakatika. Jirani akauliza nyuma ya ukuta kumeanguka nini. Kasonia alitoa haragwe bovu, akalitupa kando, akachukua jingine. Hata bega halikutikisika.

Nilisimama pale mikono ikining'inia. Miaka minne ya kununa ikanirudia yote kwa mara moja: kila nilipomwita, kila nilipomtukana moyoni.

Nikaenda kuchuchumaa mbele yake.

"Unanisikia?"

Aliangalia midomo yangu.

"Hapana," akasema.

"Tangu lini?"

"Sasa ni myaka ine."

"Na juu ya nini haukuniambia?"

"Bangeninyang'anya gitaa. Na weye ungenihurumia." Akafuta vumbi la maharagwe magotini. "Frigo, nilikuwa namusikia mu mugongo. Na bote balikuwa bananifuata, juu ya ile makelele yake. Donc nilikuwa ninajua fasi tuko mu wimbo."

Nililia bila kujificha. Kisha nikamkasirikia kwa kunificha, kisha nikalia tena. Nikatoa simu nimpigie Hadjara, nimwombe anirudishie lile dubwana hata kwa magoti. Kasonia akaufunika mkono wangu kwa wake.

"Hapana, Mama Eliane. Ile itaniua."

Alisema kweli, na mimi ndiye niliyesikia maneno ya daktari kwa masikio mazima.

Ile ampli ndogo ilikuwa mezani, haina habari. Nikaichukua, nikalishusha na gitaa ukutani, nikaviunganisha, nikarudi uani, nikaiwasha ampli na kumwekea kifuani. Akavuta uzi mmoja wa gitaa. Nyusi zake zikapanda. Akavuta mwingine. Lakini kifua ni mahali pa gitaa, vyote viwili haviwezi kukaa pamoja, na alikuwa tayari anakata tamaa. Mimi nimelea watoto sita huku nalima. Najua mahali pa kuweka kitu kinachopaswa kukaa nawe wakati mikono ina kazi. Nikaingia chumbani, nikatoka na kikwembe, kile kitenge changu cha kubebea watoto.

"Inama."

"Mama Eliane! Batu batatucheka!"

"Bacheke. Inama."

Akainama. Nikamlazia ampli mgongoni, nikapitisha kikwembe, nikakifunga kifuani kwake kwa fundo lile lile lililombeba Eliane. Ilikuwa nyepesi kuliko mtoto wa miezi mitatu. Akanyooka, akapiga, na uso wake ukafunguka. Kisha ukafungika tena.

"Miye, najisikia," alisema. "Ninyi, nitajua namna gani fasi mumefika mu wimbo?"

Kwamba watu walicheka, walicheka kweli, Jumatano, mpaka Mama Shekinah wa shirika akashika mbavu. Na kwamba alitupeleka salama hadi amina ya mwisho, mimi nikiimba nyuma yake: hayo yalikuja baadaye. Siku ile uani nilikumbuka tu mkoba wangu. Nikachimba, nikatoa ile micro niliyoikataa, nikaichomeka kwenye tundu lake. Nikarudi nyuma hadi waya uliponiruhusu, karibu na mlango wa jikoni, mahali nilipokuwa nikimwitia siku zote. Yeye alikuwa anatazama mlima.

Sikupiga kelele. Nilimwita ndani ya micro kwa jina lake, jinsi nilivyomwita kabla hatujapata watoto.

"Kasonia."

Mgongo wake ulishtuka chini ya kikwembe changu. Akageuka, macho yamejaa maji.

"Uliniita," akasema.

Nikamwambia ageuke tena. Nikamwita mara ya pili, na mara ya tatu, si kwa sababu hakusikia.